Mashine ya Tofali la Udongo kwa Kikundi cha Kijijini: Liberator, CINVA-Ram au ya Matofali ya Kushikana?

Kikundi kinachotaka kujenga nyumba za wanachama wake, darasa la chekechea au ghala la mahindi, iwe Vihiga, Kakamega au Siaya, magharibi mwa Kenya, hakichukui muda kabla ya kukutana na swali la tofali. Tofali la kuchoma linakula kuni, na miti imepungua mashambani. Mawe ya kuchonga lazima yabebwe kwa lori, na kila kilomita inaongeza bei. Tofali la udongo ulioshindiliwa kwa mashine na kukaushwa bila moto linapunguza gharama zote mbili, kwa kuwa udongo unachimbwa papo hapo na kinachonunuliwa dukani ni saruji kidogo. Inabaki mashine yenyewe, na njia za kuipata zinatofautiana sana.

Njia ya kwanza ni kuiunda kwa michoro huria inayopatikana bure kwenye intaneti, na mashine inayojulikana zaidi katika kundi hilo ni Liberator ya Open Source Ecology, shirika la Missouri, Marekani. Ya pili ni kumpa fundi wa karibu kazi ya kutengeneza CINVA-Ram, mashine ya mkono iliyobuniwa Bogotá, Kolombia, katika miaka ya 1950. Ya tatu ni kununua mashine ya mkono inayofyatua matofali ya kushikana, yaani yanayoingiliana yenyewe kwa yenyewe, kutoka kwa watengenezaji wa humu nchini, kama vile Makiga Engineering ya Nairobi. Ipo na ya nne, ya injini, ambayo nitaigusa kwa ufupi tu.

Watu wengi huzilinganisha mashine hizi kwa bei au kwa idadi ya matofali kwa siku. Napendekeza kipimo kingine kitangulie: siku mashine itakapovunjika, ni nani atakayetengeneza kifaa kilichovunjika, kwa chuma kipi, na umbali gani kutoka mahali ilipo? Kikundi kinachotangaza kwamba kinajitegemea, kisha kikakaa miezi kikingojea sili ya silinda, ule mpira wa kuzuia mafuta yasivuje, kutoka ng'ambo, bado ni tegemezi, hata kama kila mwanachama ana michoro ya mashine hiyo kwenye simu yake.

Udongo kabla ya chuma

Hakuna mashine itakayouokoa udongo mbaya. Udongo mweusi wa nyanda za Kano, ule unaopasuka nyufa za kuingia mkono wakati wa kiangazi na kung'ang'ania viatu wakati wa masika, huvimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka, na tofali lake hufanya vivyo hivyo ukutani. Udongo mwekundu wa Maseno, Vihiga na Kakamega unafaa zaidi, ilimradi uchimbwe chini ya tabaka la juu lenye mizizi na mboji, na moramu, ule udongo wenye changarawe wa kutengenezea barabara, iliyochekechwa vizuri hutoa tofali zuri mara nyingi. Upande wa Nakuru, udongo mwingi umetokana na majivu ya volkano. Ni mwepesi na haushikani vizuri mpaka uchanganywe na wenye mfinyanzi zaidi. Huko pia machimbo ya mawe yako karibu, kwa hiyo kikundi cha Nakuru kifanye hesabu ya mawe kwanza kabla ya kusoma zaidi.

Kipimo cha udongo hakihitaji maabara. Kisanduku cha mbao chenye urefu wa ndani wa sentimita 60, upana wa sentimita 4 na kina cha sentimita 4 hupakwa mafuta ndani, kikajazwa udongo uliochekechwa na kuloweshwa mpaka ukawa laini kama wa kukandika ukuta, ukasawazishwa na kuanikwa juani siku tatu. Ukishakauka, vipande vyote husukumwa upande mmoja na pengo lililobaki hupimwa kwa rula. Pengo la chini ya sentimita 1 linaruhusu sehemu 1 ya saruji kwa sehemu 18 za udongo. Likikaribia sentimita 5, uwiano unapanda hadi sehemu 1 kwa 12. Likipita hapo, ongeza mchanga au tafuta shimo lingine. Kikundi kilichoruka hatua hii kikaagiza mashine kwanza kimeanzia mwisho.

Liberator: michoro yote, na kila kinachofuatana nayo

Open Source Ecology ilianzishwa mwaka 2003 na Marcin Jakubowski, mzaliwa wa Poland aliyesomea fizikia hadi shahada ya uzamivu. Lengo lake ni kubuni mashine 50 ambazo jamii ndogo ingeweza kujiundia na kujiendeshea maisha ya kisasa, kuanzia trekta hadi tanuri la mikate, na kuweka michoro, orodha za vifaa na video zake wazi kwa yeyote kuzitumia na kuzibadilisha. Mashine ya matofali ilikuwa miongoni mwa za kwanza kukamilika. Inafanya kazi kwa haidroliki, yaani nguvu ya mafuta yaliyo kwenye presha: silinda moja inasukuma droo ya udongo, nyingine inashindilia kutoka chini, na kidhibiti cha elektroniki kinapanga mfuatano ili tofali litoke bila mtu kuvuta wenzo wowote.

Sifa zake ni za kweli. Nyaraka zake ni nyingi kuliko za mashine nyingine yoyote katika ulinganisho huu, na mtu aliyesoma mekanika katika chuo cha kiufundi anaweza kujifunza kutokana nazo mambo ambayo mwongozo wa kiwandani haumwambii mteja. Leseni yake inaruhusu hata kuuza mashine utakayoiunda. Sharti ni kutaja chanzo na kuachilia michoro uliyoiboresha kwa masharti yale yale. Waundaji wake wamekwisha kuonyesha katika warsha zao kwamba kundi la watu, wengi wao wageni wa kazi hiyo, linaweza kuiunganisha kwa siku moja.

Siku hiyo moja, hata hivyo, ina siku nyingine nyuma yake. Vyuma vimeshakatwa, silinda na vali zimeshanunuliwa, na karakana ina umeme wa uhakika. Fundi wa Kisumu anayefungua orodha ile ya vifaa anakutana kwanza na inchi. Bamba la nusu inchi lina unene wa milimita 12.7, ilhali duka la vyuma litamuuzia la milimita 12. Kwenye fremu tofauti hiyo haina neno. Kwenye droo inayoteleza kati ya mabamba mawili, milimita 0.7 kila upande ni nafasi ya kutosha kwa mchanga kuingia na kuanza kusaga. Kisha anakutana na hesi (nyuzi za kufungia) za mipira ya haidroliki: michoro inafuata viungio vya Kimarekani, na vilivyozoeleka madukani kwetu ni vya Kiingereza, ambavyo kwa macho vinafanana navyo lakini vikifungwa pamoja huvuja. Mwenye uzoefu atabadilisha viungio vyote tangu mwanzo. Asiye nao atagundua siku mafuta yatakapomwagika.

Jambo la pili ni ukubwa wa kazi ambayo mashine hii inaitaka. Tofali lake ni la sentimita 30 kwa 15 hivi, na likiwa na kimo cha sentimita 10 lina uzito wa kilo 8 au 9. Tuseme inatoa matofali matano tu kwa dakika, kwa saa sita za kazi. Hayo ni matofali 1,800, yaani tani 15 hivi za udongo zilizochimbwa, kuchekechwa na kufikishwa kwenye mdomo wa mashine siku hiyo hiyo. Kwa majembe na matoroli hiyo ni kazi ya watu wengi wenye nguvu zao. Wabunifu wenyewe wanalijua hilo, na ndiyo maana Liberator ilibuniwa pamoja na trekta ya kuilisha na kasha la injini la kuipa nguvu, vyote katika seti ile ya mashine 50. Ukichukua moja tu unabaki na mdomo mkubwa usio na wa kuulisha.

Kwa hiyo naiona Liberator kama mashine ya taasisi. Chuo cha kiufundi chenye walimu wa haidroliki, mashine ya kukereza chuma na wanafunzi wanaohitaji kazi ya vitendo kinaweza kuiunda, kubadilisha vipimo vyake viwe milimita na viungio vyake viwe vya dukani kwetu, kisha kikaikodisha kwa vikundi pamoja na trekta. Michoro hiyo iliyobadilishwa ingekuwa na manufaa Afrika Mashariki nzima. Kikundi cha wakulima thelathini kisianze na hii.

CINVA-Ram: michoro ya zamani isiyo na mwenyewe

Mashine hii ilibuniwa na mhandisi Raúl Ramírez katika kituo cha utafiti wa makazi kilichoitwa CINVA, na hataza yoyote (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya wakati huo imeshakwisha muda, kwani hata kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2001 hataza hudumu miaka 20 tu. Huhitaji ruhusa ya mtu kuitengeneza wala kuiuza. Miongozo yake imezunguka duniani tangu miaka ya 1960, ikibebwa na wafanyakazi wa kujitolea na mashirika ya maendeleo.

Ukiitazama kwa karibu, haina siri yoyote. Ni kasha la chuma lenye kifuniko kinachozunguka pembeni, pistoni inayopanda kutoka chini, na wenzo mrefu uliounganishwa na pistoni kwa viungo viwili vinavyojinyoosha kama goti. Mfyatuaji anajaza udongo, anafunika, anauinua wenzo hadi wima na kuuvuta upande wa pili mpaka goti linyooke. Hapo nguvu ya mikono inazidishwa mara nyingi na udongo unashindiliwa. Kisha anaurudisha wenzo, anafungua kifuniko, na kwa kuusukuma chini upande wa kwanza tofali linapanda lote nje, likiwa na urefu wa sentimita 29, upana wa 14 na kimo cha 9. Mashine yenyewe ina uzito wa kilo 60 na kitu, kwa hiyo watu wawili wanaibeba kutoka boma moja hadi jingine bila kutafuta gari.

Sasa tuiweke kwenye kile kipimo cha kwanza. Kinacholika zaidi ni pini za viungo na mabamba ya ndani ya kasha. Pini inakerezwa kutokana na shafti kuukuu ya gari; bamba linakatwa na kuchomelewa na fundi yeyote wa jua kali wa Kibuye, Luanda ya Vihiga au Mumias aliye na mashine ya kuchomelea, grenda na keekee. Hakuna sili wala vali, na mafuta yake ni grisi tu. Wenzo ukipinda, unanunua bomba jingine na kazi inaendelea kesho yake.

Lakini kuna tahadhari, na inahusu uwazi wenyewe. Muundo usio na mwenyewe hauna pia wa kuulinda. Kenya ina mfano mzuri wa jambo hili katika jiko la makaa la kauri lililoenea tangu miaka ya 1980, lililotokana na jiko la ndoo la Thailand na kubadilishwa kwa matumizi ya hapa: mafundi waliachwa huru kuliiga, likafika kila soko, lakini sambamba na majiko mazuri yakaja yenye vyungu vilivyochomwa nusu nusu, vinavyopasuka kabla ya mwaka kwisha. CINVA-Ram iliyoigwa kwa macho itapata tatizo lile lile. Fundi akitumia bamba jembamba, kasha litavimba katikati taratibu na matofali yatatoka na tumbo.

Hata hivyo, mashine hii inasamehe. Tofali lake hujengwa kwa chokaa au saruji kati ya safu, na unene wa saruji hiyo hurekebisha tofauti ya milimita mbili tatu bila ukuta kuonyesha. Kwangu hii ndiyo hoja yenye uzito kuliko zote, kwa sababu kikundi kinachojiundia mashine yake kwa mara ya kwanza hakina budi kuchagua muundo unaovumilia makosa ya mikono inayojifunza.

Mashine ya matofali ya kushikana

Hapa hesabu inageuka. Tofali la kushikana lina mdomo upande mmoja na mfereji upande mwingine, hivyo safu hupangwa moja juu ya nyingine karibu bila saruji kati yake, na ujenzi unakwenda haraka hata kwa mtu asiye mwashi. Tofali hili lilistawishwa sana Uganda, katika Chuo Kikuu cha Makerere, chini ya Dkt. Moses Musaazi, na mashine za mkono za kulifyatua zinatengenezwa Kenya. Nguvu inatoka kwenye wenzo vile vile, na timu ya watu watano au sita hufyatua kati ya matofali 300 na 500 kwa siku.

Akiba ya saruji ya kujengea ni kubwa, lakini inalipiwa kwa usahihi. Kosa la milimita 1 upande mmoja wa kila tofali, katika ukuta wa safu 23, ni zaidi ya sentimita 2 kule juu, na hakuna saruji ya kulificha. Ndiyo maana nisingependekeza mashine hii itengenezwe kwa kuiga. Kalibu yake inataka chuma kilichonyooshwa na kusagwa kwa mashine, kazi ambayo kiwanda kinaifanya vizuri na karakana ndogo huikosea bila kujua. Michoro si huria. Huduma, kwa upande mwingine, iko ndani ya nchi, sehemu zinazolika ni chache, na pini zake zinaweza kukerezwa Kisumu kama zile za CINVA-Ram. Kalibu ikichakaa ndipo utarudi kwa aliyekuuzia. Kwa kujitegemea, basi, imekaa katikati, na sioni aibu yoyote kwa kikundi kukaa hapo.

Mashine za injini, ambazo Hydraform ya Afrika Kusini ndiyo inayojulikana zaidi hapa kwa sababu wizara ya nyumba iliziingiza katika mpango wake wa teknolojia nafuu za ujenzi, zinafaa kukodishwa kwa mradi mkubwa kama shule. Kuimiliki moja kunakurudisha kwenye mafuta, sili na fundi wa mbali.

Hesabu ya nyumba moja

Nyumba ya vyumba viwili, mita 6 kwa 4, yenye ukuta mmoja wa kugawa, inataka matofali 2,000 hivi ya kushikana, kwa wastani wa 35 kwa mita ya mraba baada ya kuondoa milango na madirisha. Tofali moja lina kilo 8 au 9, kwa hiyo ni tani 17 za udongo, na mfuko wa saruji wa kilo 50 hutoa matofali 100 hivi, yaani mifuko 20. Mashine ya mkono inayamaliza kwa karibu wiki moja ya kazi. Baada ya hapo matofali hutunzwa na unyevu chini ya nailoni au majani kwa siku saba za mwanzo na kuachwa mpaka yatimize siku 28, mashine iwe ya mkono au ya kompyuta. Kwa nyumba moja, basi, kasi ya Liberator inaokoa siku chache katika kazi ya mwezi na zaidi. Wenye nyumba arobaini za kujenga kwa mfululizo wana hesabu tofauti, nao ndio wanaostahili kuizungumzia haidroliki.

Kwa CINVA-Ram idadi haitofautiani sana, karibu matofali 32 kwa mita ya mraba, ila ongeza saruji ya kujengea na siku za mwashi. Kwa mashine zote panga kufyatua nje ya mvua za Machi hadi Mei, na uwe na banda, kwa sababu matofali mabichi yakipigwa na mvua moja ya alasiri ya Kakamega yanarudi kuwa udongo.

Ningechagua ipi

Kikundi chenye udongo mwekundu, fundi wa kuchomelea anayeaminika ndani ya mwendo wa bodaboda, na nia ya kujenga nyumba za wanachama mmoja baada ya mwingine, kichukue CINVA-Ram. Kikundi chenye fedha za kununua, kisicho na waashi wengi, na kinachotaka pia kuuza matofali kwa majirani, kinunue ya kushikana, kwa sababu mteja anayelipa huuliza kwanza ataokoa mifuko mingapi, na huenda kaunti ikauliza kama tofali linatimiza kiwango cha Kenya cha matofali ya udongo, KS 02-1070. Liberator niiachie vyuo.

Ukimkabidhi fundi kazi ya CINVA-Ram, usimpe picha ya simu peke yake. Mpe mchoro uliochapishwa wenye vipimo vya milimita, na mkubaliane kwa maandishi unene wa bamba la kasha, chuma kitakachotumika kwa pini, na kwamba pini za akiba zitakabidhiwa pamoja na mashine. Kikundi kibaki na vielelezo vya bati vilivyokatwa sawa na kila bamba, ili fundi mwingine aweze kurudia kazi hiyo wa kwanza akihama. Malipo ya mwisho yatolewe baada ya matofali 50 ya mwanzo kupangwa mstari mmoja na kupimwa kimo chake kwenye pembe zote nne.